Nusu Saa ya Mzee Maranda

Jina lake la kwenye kitambulisho silitaji, na hata ningelitaja, wengi pale kazini wasingejua namzungumzia nani. Tulimwita Mzee Maranda, kwa sababu hakuna siku aliyotoka kwenye chumba cha wanyama bila maranda ya mbao kichwani, mabegani, mara nyingine mpaka ndani ya masikio. Umwambie ajipanguse, anajipangusa, na baada ya hatua tatu unaona mengine yanadondoka kutoka usikokujua. Wafagizi walimlalamikia kila siku. Yeye naye aliwaomba radhi kila siku, na kesho yake mambo yakawa yale yale.

Kazi yake ilikuwa kutunza simbilisi, wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia ambao watu wakiwaona mara ya kwanza hudhani ni panya walioshiba. Ilikuwa taasisi ya kupima dawa. Dawa kabla haijafika kwa mtu ilipita kwanza mikononi mwa Mzee Maranda, au tuseme vifuani mwa wanyama wake. Mimi nilikuwa mpimaji wa mapigo ya moyo. Ofisi yangu na chumba chake vilitenganishwa na ukuta mwembamba na mlango wenye kioo kidogo, na kwa miaka kumi na moja tulikula chakula cha mchana kila mtu upande wake. Kwa nini, ukiniuliza leo nakosa cha kujibu. Nahisi yeye aliniona mwanamke mwenye makuu, nami nilimwona mzee anayenuka. Alikuwa ananuka kweli, lakini hiyo si sababu.

Mkewe alikuwa na pumu. Alifariki miaka minne kabla ya haya ninayosimulia, mchana kweupe, siku ya kazi, Mzee akiwa huku anabadilisha maranda wanayolalia wanyama. Jirani alimkuta kitini, pampu ya pumu bado iko mkononi. Mzee hakuilaumu dawa wala hospitali. Alipumzika siku nne, ya tano akarudi, akauliza kama wanyama walikuwa wamepewa maji.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti aliyeolewa mbali. Alimpigia baba yake saa saba mchana kila siku, na kwa kuwa sikio la kushoto la mzee lilikuwa limeshagoma kazi, simu aliiweka sauti kubwa. Upende usipende, ungesikia.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula na nani?"

"Na wadogo zako. Wapo ishirini hapa, wanakusalimia."

"Baba bwana!" binti alikuwa akicheka, halafu anaaga. Baada ya hapo husikii kitu upande ule mpaka saa ya kuosha chupa za maji. Mimi nilitafuna chakula changu huku naangalia ukuta, na wala sikujiuliza kwa nini nasubiri simu ya mtu mwingine kuliko ninavyosubiri yangu.

Mwaka huo tukaletewa dawa mpya ya pumu. Haikuwa na jina, ilikuwa na namba. Mkuu wetu, daktari mmoja mwanamama mwembamba mwenye sauti ya chini, alitukusanya akatueleza kazi. Kwamba dawa inafungua kifua, hilo lilikuwa limeshapimwa kwingine. Sisi tulitakiwa kutafuta madhara, hasa kama inaukimbiza moyo. Simbilisi kumi wa rafu ya kushoto wangevuta mvuke wenye dawa. Kumi wa rafu ya kulia wangevuta mvuke wa maji matupu. Mengine yote yawe sawa kwa wote: chakula, maranda, mwanga, hata mikono inayowashika. Neno "sawa" alilirudia mpaka nikamwona kama mwalimu wa chekechea.

Ratiba ilikuwa hivi. Saa tatu asubuhi Mzee aliwaingiza kwenye sanduku la kioo, mvuke ukapulizwa. Saa tatu na nusu aliwarudisha kwenye vizimba vyao. Saa nne kamili niliingia mimi na mkanda wangu mdogo, nikawafunga kifuani mmoja mmoja, nikasoma namba, nikaandika. Ile nusu saa ya katikati haikuwa ya mtu. Kwenye karatasi ya Daktari ilikuwa na neno moja tu, "kusubiri".

Tangu siku ya kwanza wa kushoto walitetemeka wakitoka kwenye sanduku. Si sana. Ndevu na miguu ya mbele tu, ungeweza kupita usione. Daktari alisema kutetemeka alikutegemea, kinachomtia wasiwasi ni moyo.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema lilipotakiwa kusemwa. Wiki ya pili, nikipita na kikombe changu cha chai, nilichungulia kwenye kile kioo. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, aproni yake pana ameikunja mapajani, na ndani ya aproni wamejaa simbilisi. Alikuwa anaongea nao. Sikusikia anasema nini, niliona midomo tu na ule mkono wake mkubwa unapita juu ya migongo, polepole, mmoja mpaka mwingine. Nikajisemea, huyu mzee anategea kazi, halafu anategea kwa raha. Nikaenda zangu. Kesho yake nikachungulia tena, na keshokutwa. Nilijua kanuni kuliko yeye, maana kanuni nilikuwa nimeisoma na yeye alikuwa ameisikia tu. Nilijipa moyo kwamba mimi si mbea. Ukweli ni kwamba nilipenda kuangalia, na ningesema, kingeisha.

Kila siku saa kumi kabla ya kuondoka alijaza daftari la chumba. Chakula, amejaza. Maji, amejaza. Mwisho wa ukurasa palikuwa na swali: "Kuna jambo lolote lisilo la kawaida lililotokea leo?" Mzee aliandika "Hakuna" kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Wiki sita, hakuna, hakuna, hakuna.

Siku ya majibu Daktari alinunua soda na biskuti, akatuita wote mpaka wafagizi. Moyo, alisema, umetulia. Wa kushoto na wa kulia karibu sawa, kutetemeka tu ndiko tofauti yao. Dawa inaweza kupelekwa hatua ya mbele, kwa watu wachache wenye pumu, waliokubali. Na kwa kuwa wanyama hawa wamefanya vizuri, hawatapasuliwa sasa. Watabaki mpaka mwisho wa mwaka, tuwaangalie mapafu na ini.

Tulipiga makofi. Mfagizi mmoja akamtania Mzee, "Wanastaafu pamoja na wewe!" Ilikuwa kweli, Mzee alibakiza miezi tisa kustaafu. Alicheka mpaka maranda yakadondoka kwenye biskuti. Hata mimi nilifurahi kwa ajili yake, na kwangu kufurahi kwa ajili ya mtu si jambo la kila wiki.

Kisha akauliza, "Daktari, kwa hiyo watu watapewa?"

"Watapewa, Mzee. Wachache kwanza."

"Hii hii?"

"Hii hii."

Akaiweka soda yake mezani, haijafika hata nusu. Tulipokuwa tunatoka alinishika kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu, wewe unawapima saa ngapi?"

"Saa nne. Si unaniona kila siku, Mzee?"

"Ungewapima saa tatu na nusu, ungepata nini?"

"Ratiba inasema saa nne," nilimjibu. Nilijibu kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimeelewa anauliza nini. Mikono yangu iliwapata wanyama wakiwa wametulia. Mikono yake iliwapokea walipotoka kwenye sanduku, na nyoyo zile zilimpiga mapajani kabla hazijapoa. Yeye peke yake alijua zilikuwa zinakwenda vipi.

Siku tatu hakusema kitu. Alikosea kufunga kizimba kimoja, yeye ambaye hajawahi. Binti alipopiga simu alimwambia amekula ilhali sikusikia kopo lake la chakula likifunguliwa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi hata mimi niliweza kuifanya nikiwa upande wangu wa ukuta. Akinyamaza, simbilisi wake wanaishi mpaka mwisho wa mwaka na yeye anamaliza utumishi wake nao. Akisema, kazi yote ya wiki sita ni bure, wanyama ambao mwili wao umeshaingia dawa hawarudiwi, wanalazwa wote usingizi usio na kuamka, wanaletwa wengine. Na yeye huenda akafukuzwa.

Siku ya nne nilikuwa ofisini kwa Daktari, nimempelekea karatasi, Mzee akabisha hodi. Alikuwa amejipangusa, nywele amezichana kwa maji.

"Daktari, nimeharibu kazi," alisema.

"Kazi gani, Mzee wangu? Kaa kwanza."

Hakukaa. "Nilikuwa nawapakata."

"Unawapakata akina nani?"

"Wa kushoto. Wakitoka kwenye mvuke. Wanatetemeka, Daktari. Nawaweka kwenye aproni, nawasemesha mpaka watulie. Akija huyu kupima, wameshatulia."

Daktari aliivua miwani yake. "Kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Na wa kulia?"

"Wa kulia walikuwa wazima. Nawapakata wa nini?"

Daktari alilivuta daftari la chumba, akalifungua, akapitisha kidole. "Mzee, hapa umeandika hakuna jambo lisilo la kawaida. Siku zote."

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Kumpakata mgonjwa ni kawaida, Daktari." Hakuwa anajibizana naye. Alikuwa anaeleza tu. "Mke wangu akishavuta dawa yake alitetemeka hivyo hivyo. Kikombe kinagongagonga kisahani. Kama nipo, namshika mikono mpaka inapita. Miaka mingi. Sikudhani ni jambo la kuandika."

Nje mtu alikuwa anaburuta mtungi wa gesi.

"Hakuna aliyekuwa anajua," Daktari alisema mwishowe. "Kwa nini umekuja kuniambia?"

"Kwa sababu watapewa watu. Mtu ataivuta hii akiwa peke yake nyumbani, saa tatu asubuhi, wenzake wote wameshaenda kazini. Yeye atapakatwa na nani? Mimi siku ile nilikuwa huku."

Ndipo nikajua alikuwa anajilaumu kwa lipi miaka yote minne. Nilitamani kumwambia kitu, chochote, na nikabaki nimezikumbatia karatasi zangu.

Daktari aliuliza swali moja zaidi, kwa taratibu za kazi. "Kuna mtu yeyote aliyekuona ukifanya hivyo?"

Mzee hakunitazama hata kidogo. "Hakuna," akasema.

Na mimi nikanyamaza. Nina umri wa mtu mzima, nina cheti ukutani, nilikuwa nimesimama umbali wa hatua mbili kutoka kwake, na nikanyamaza. Mpaka leo nikilala upande wa kushoto naisikia ile "Hakuna" yake.

Wanyama wote ishirini walilazwa wiki ile. Mzee aliambiwa akae nyumbani kwanza. Saa saba nilikaa na kopo langu la chakula, nikasubiri kitu ambacho nilijua hakipo, na chakula nikakirudisha nyumbani vilevile.

Baada ya siku tisa Daktari alinipa barua nimpelekee. Hakufukuzwa. Wanyama wapya walikuwa wanakuja na hakukuwa na mwingine aliyejua kuwatunza, na nadhani Daktari, kwa ile sauti yake ya chini, alikuwa amempigania huko juu. Nilikuta nyumba ya vyumba viwili, safi kuliko yangu. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi, na nikaona kitanda kimekaa upande: miguu ya kichwani imeinuliwa juu ya matofali mawili mawili.

Aliona macho yangu yamekwenda wapi. "Mama alikuwa hapumui akilala sawa," alieleza. "Kichwa lazima kiwe juu."

"Sasa si ungeyatoa, Mzee? Mgongo hauumi?"

"Unauma," alisema, akaichukua barua akaisogeza mbali na macho ili aisome.

Barua ilikuwa na masharti. Avae glavu muda wote. Asiongee ndani ya chumba. Mnyama ashikwe pale tu anapohamishwa, basi. Alisoma, akauliza kama na kupiga mluzi hakuruhusiwi. Nikamwambia nadhani hakuruhusiwi. Akasema sawa, atakuja kesho.

Alizifuata zote. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alizifuata vizuri mno. Wale wa kwanza walikuwa wakisikia mshindo wa ndoo yake tu wanapiga miluzi chumba kizima, wanapanda kwenye nyavu za vizimba. Hawa wapya waliisikia ndoo wakakimbilia kona. Aliwabadilishia maranda bila neno, akawaingiza kwenye mvuke bila neno, saa tatu na nusu akawarudisha, kisha akatoka akasimama kwenye korido, mgongo ukutani, mikono ya glavu ameiinua mbele yake asishike kitu, mpaka saa nne. Simu ya binti alikwenda kuipokelea uani ili asivunje sharti. Kwa hiyo sikusikia tena kama amekula.

Namba zilikuwa mbaya. Wa kulia, mia mbili na sabini, mia mbili na themanini kwa dakika. Wa kushoto mia tatu na tisini, na kila wiki zinapanda. Wiki ya tatu alikufa mmoja, wiki ya tano mwingine, wote wa kushoto. Nilikuwa nikiandika huku nawaza kwamba namba hizi zilikuwepo tangu mwanzo, zimefunikwa na aproni ya mzee mmoja.

Daktari alisoma majibu mbele ya watu wote, safari hii bila soda. Dawa haiendi kwa watu. Inarudishwa kwa walioitengeneza wakapunguze makali yake. Kisha akamgeukia Mzee Maranda, akasema mbele yetu kwamba kuna wagonjwa ambao hawatajua kamwe kwamba mtu huyu anawadai shukrani. Watu walipiga makofi. Mzee aliinamisha kichwa. Hakikudondoka kitu, siku hizo alikuwa anavaa kofia ya plastiki.

"Daktari, naomba kitu," alisema. "Vipimo vimekwisha?"

"Vimekwisha."

"Na hawa wanalazwa lini?"

"Kesho, saa mbili."

"Basi leo mchana naruhusiwa kuwapakata?"

Daktari alisema anaruhusiwa, na akatoka haraka haraka kana kwamba amesahau kitu.

Nilimwona kwenye kioo anapindua ndoo. Anavua glavu, kidole kimoja kimoja. Anafungua kizimba cha kwanza cha kushoto, anaingiza mkono, na mnyama anarudi nyuma mpaka ukutani. Akasubiri. Mwishowe akamchukua, akamweka kwenye aproni. Niliushika mkanda wangu nisijue nauchukulia nini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nikausukuma ule mlango saa saba mchana.

"Karibu," alisema, kama vile nimebisha hodi.

Nilipindua ndoo ya pili nikakaa. Nikamfunga mnyama mkanda, kwa mazoea tu. Mia tatu na tisini na tano.

"Mzee," nikasema, "mimi nilikuona. Tangu wiki ya pili. Nilikuona kila siku."

"Najua. Kile kioo kinaonyesha pande zote mbili." Mkono wake uliendelea kupita mgongoni, polepole, kuanzia masikioni. "Nilidhani siku moja utaingia."

Nililia. Sikujificha, na yeye hakunizuia. Simu ikaita mfukoni mwake, akaiacha iite, maana mikono ilikuwa na kazi. Tulikaa hivyo nusu saa nzima, akimsemesha yule mnyama maneno ambayo kwa muda wote ule sikuwahi kuyasikia kupitia ukutani, na hayakuwa na lolote la ajabu: pole mama, pole, inapita, nipo hapa. Mwisho nikasoma tena namba. Mia tatu na tisini na nne. Mnyama alikuwa bado anatetemeka, kichwa amekisukuma kwenye mkunjo wa aproni anatafuta pa kutokea.

"Bado hajanizoea," alisema Mzee Maranda. "Kesho angenizoea."